Jiwe la Kichwani

Udongo mweusi wa kwetu ukichimbwa baada ya mvua za kwanza hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine. Ina ubichi wa mizizi, ina samadi kwa mbali, na ukiivuta sana inakukereketa kooni. Wenzangu inawakumbusha msimu wa kupanda pamba. Mimi inanikumbusha siku niliyompokonya rafiki yangu nchi. Nilifanya hivyo mchana kweupe, bila kutumwa na mtu, nikiwa na miaka kumi.

Wiki mbili zilizopita harufu hiyo ilinikuta tena. Nilikuwa nimetoka Bariadi kwenda kijijini kwetu, jirani na Lalago, kumzika baba mdogo Nestori. Vijana waliokuwa wakichimba walikuwa wamezama hadi kiunoni, na mmoja wao akanyoosha mgongo, akauliza kichwa kitakaa upande upi. Swali hilo huulizwa kwenye kila msiba wa kwetu na hujibiwa bila mtu kufikiri. Safari hii, katika watu wote waliosimama pale ni mimi tu niliyekuwa na jibu lake.

Nestori namwita baba mdogo ingawa hakuwa ndugu wa damu na baba yangu. Alifika kwetu akiwa mtoto wa kuchunga ndama, ameshikwa mkono na mama yake, Bibi Anastazia, wametoka Burundi wakikimbia mauaji. Pamba ilikuwa imepasuka shambani na babu yangu alikuwa anatafuta watu wa kuchuma. Waliomba kazi ya wiki mbili. Babu akawapa kibanda, wiki mbili zikapita, akawapa na shamba, na habari ya kuondoka haikuzungumzwa tena. Nestori na baba yangu walichunga pamoja na kunywa maziwa kwenye kibuyu kimoja. Alipokua alioa binti wa Kirundi waliyekutana kwenye vibarua huko Maswa, naye akafariki akiwa ameacha kitoto kinachonyonya.

Kitoto hicho ndicho Kabula. Alizaliwa ndani ya uzio wetu wa minyaa, siku ya mvua, na babu ndiye aliyempa jina hilo la mvua, kama sisi Wasukuma tunavyowaita watoto wa namna hiyo. Mama yangu alikuwa ananinyonyesha mimi, akamchukua na yeye, titi moja langu na jingine lake. Kirundi Kabula hakukijua. Alikuwa na maneno mawili tu, yote ya kufukuzia kuku. Kisukuma alikipiga kuliko mimi, na akipita mbele ya wazee alipiga goti chini na salamu yake ya "mwangaluka" ikatoka vizuri hadi wazee wakaguna kwa kuridhika, kisha wakanigeukia mimi kuuliza mbona yangu naimung'unya.

Hapo ndipo kijicho kilipoanzia, nisisingizie mengine.

Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho Kabula hakuwa nacho, nacho ni kigoda cha babu. Guku, kama tulivyomwita babu, hakuwa mtu wa kukaa kwenye viti vya watu. Akienda kikaoni, msibani au mnadani, kigoda chake cha miguu mitatu kilitangulia, na mbebaji nilikuwa mimi. Anayebeba kigoda hukaa miguuni pa mwenye kigoda na kusikia yote. Niliwasikia wazee wakisuluhisha kesi za ng'ombe na za ndoa, na nilijiona mtu.

Kulikuwa na kazi nyingine tuliyofanya wawili, babu na mimi, ya kupalilia makaburi kabla ya mavuno. Makaburi ya kwetu yapo nyuma ya zizi, kwa mstari. Hayana saruji wala majina, kila moja lina jiwe kubwa la kichwani tu. Katika ukoo wetu maiti hulazwa kichwa kikielekea walikotoka wazee wa zamani, upande wa mashariki, kwa hiyo mawe yote yalikuwa upande huo. Lilikuwepo moja lililoharibu mstari. Kaburi la Bibi Anastazia, la mwisho kule pembeni, jiwe lake lilikuwa magharibi.

Nilimwuliza babu kama lilikosewa. Akaweka jembe chini.

"Halikukosewa. Huyu mama kwao ni kule. Nimemlaza aangalie kwao asije akapotea."

Kisha akanyunyizia makaburi yote maji yaliyokorogwa na unga wa mtama, moja baada ya jingine, na la Anastazia akalinyunyizia sawa na ya wenzake. Nikaelewa ni heshima. Niliondoka pale nikiwa na siri ya wakubwa, na niliitunza vizuri sana mpaka siku ilipohitajika kutunzwa.

Mwaka huo tangazo likapita kwamba watu wa vitambulisho wanakuja kuandikisha kijiji chetu. Kila mtu ataulizwa alipozaliwa yeye, walipozaliwa wazazi wake, na babu zake walitoka wapi. Wakubwa walilipokea kwa sura ambazo sikuzielewa. Nestori, aliyekuwa akiimba akikamua, aliacha kuimba.

Jioni moja tulikuwa tunachambua pamba chini ya chanja, mimi na mama, safi tukiitupa huku na fifi, ile chafu, huku. Babu na Nestori walikuwa wamekaa upande wa pili, hawakuniona mimi nyuma ya lundo.

"Utasema wewe ni wa kwangu," babu alisema. "Mama yako kazikwa kwangu. Wewe umekulia kwangu. Huo nao ni uongo?"

"Mzee, wakichimba zaidi?"

"Wachimbe. Na Kabula ataandikwa mjukuu wangu. Akisoma huko mbele asije kurudishwa mlangoni."

Ningekuwa na akili ningesikia neno "kurudishwa". Nilisikia "mjukuu wangu" tu. Naomba mnielewe jinsi nilivyojua kazi ya kuandika wakati huo. Shuleni vitabu havikutosha, tulipewa kimoja kwa watoto wawili, na cha Kiswahili tulipewa mimi na Kabula. Mwalimu aliandika jina moja kwenye jalada, la Kabula, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa safi. Tangu hapo kitabu kikalala kwao. Mimi nilikwenda kukiomba. Kwa hiyo nilijua kwamba kitu kikiandikwa jina la mtu kinakuwa chake, na mwenzake anabaki kuomba. Nikafikiri fomu ile nayo ina nafasi moja ya mjukuu. Kabula akishaandikwa, babu atakuwa wake, na mimi nitakuwa napiga hodi.

Siku ya kuandikishwa ikafika, na asubuhi ile babu akampa Kabula kigoda abebe.

Sasa hivi najua kwa nini. Alitaka watu wote ofisini waone mtoto anayebeba kigoda cha nani. Alikuwa anamjengea Kabula ukoo hadharani kwa njia aliyoijua. Lakini mimi nilitembea nyuma yao hadi ofisi ya kijiji nikiwa mikono mitupu, namwangalia Kabula amekiweka kigoda kichwani, shingo imenyooka.

Mwandikishaji alikuwa kijana mpole, shati limechomekewa vizuri. Aliwaamkia wazee kwa Kisukuma cha kubahatisha, wakacheka, wakampenda. Alipofika kwa Nestori aliuliza kama alivyowauliza wengine, mama yako alizaliwa wapi. Babu akajibu kabla ya Nestori.

"Kaburi lake liko nyumbani kwangu. Twende ukalione."

Mwenyekiti wa kitongoji akatikisa kichwa kuafiki. Kijana akasema hana haja ya kwenda, babu akasisitiza, ndiyo heshima yenyewe, mgeni lazima afike nyumbani. Basi mchana wakaja, mwandikishaji, mwenyekiti, babu na Nestori. Kabula akatumwa kisimani kumtekea mgeni maji ya kunywa. Mimi nikabaki.

Kijana aliyaangalia makaburi akaridhika. Alikuwa ameshaanza kuandika, fomu ameiweka juu ya goti. Akanigeukia mimi kwa utani.

"Na wewe binti, unawajua waliolala hapa, au unacheza juu yao tu?"

Niliwajua. Nilianza kuwataja kutoka mwanzo wa mstari, baba wa babu, mama wa babu, shangazi aliyekufa kwa kung'atwa na nyoka. Kijana akaacha kuandika, akawa anatabasamu, na babu mwenyewe naona alijivuna. Nikafika kaburi la mwisho. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba hapo mdomo ulinitangulia. Si kweli. Nilinyamaza kidogo. Nilimwona Kabula kwa mbali akirudi na ndoo kichwani, anatembea vilevile kama asubuhi, shingo imenyooka. Kisha nikanyoosha kidole.

"Huyu siyo wetu. Ndiyo maana jiwe lake liko huku. Guku alimlaza aangalie kwao, Burundi."

Hakuna aliyenifokea. Nestori aliangalia chini. Mwenyekiti akakohoa, akasema watoto hawa wanapayuka. Kijana akamwangalia babu, na nadhani alikuwa anamwombea aseme ndiyo, mtoto anapayuka. Ofisini babu angesema. Njiani angesema. Lakini alikuwa amesimama kati ya baba yake na mama yake waliolala pale, na mbele yao hakuwahi kusema jambo lisilokuwepo.

"Mtoto kasema kweli," babu akasema.

Kijana aliirudia fomu ile juu ya goti. Akachora mstari mmoja juu ya alichoandika. "Mzee, mimi naandika ninachosikia," alisema taratibu, na akaeleza kwamba Nestori na binti yake wana utaratibu wao, waende wilayani, watapewa maelekezo. Kabula akafika, akapiga goti, akampa maji kwa mikono miwili. Yule kijana aliyanywa yote, akashukuru, na hakumtazama usoni.

Asubuhi iliyofuata babu aliniita. Nilikwenda nikijua ni fimbo, na ingekuwa fimbo leo nisingekuwa naandika haya. Alininyooshea kigoda.

"Beba," akasema. "Twende."

Nikabeba. Ndicho nilichokitaka, nikakipata. Nilikaa miguuni pake siku nzima na sikuona hasira kwake. Alikuwa amechoka tu.

Siku chache baadaye nilikuwa juu ya chanja nikigeuza michembe ya viazi, nikawaona yeye na Nestori nyuma ya zizi. Babu alinyunyizia kwanza unga na maji kwenye kaburi la Anastazia, akasema naye kwa sauti ndogo muda mrefu. Naamini alikuwa anamwomba radhi. Kisha wakaliinua lile jiwe la kichwani, watu wazima wawili wakihema, wakalizungusha hadi upande wa pili, mashariki, sawa na ya wengine. Mtu mwingine akija kuuliza asione kitu. Yule mama chini alibaki alivyolazwa, na juu jiwe likakaa miguuni. Babu ambaye hakuweza kusema uongo kwa mdomo mbele ya wafu wake nilimfanya aufanye kwa mikono.

Hakuja mwingine kuuliza. Mwenyekiti alihamia Mwamanyili kwa mwanawe na babu akafariki miaka miwili baadaye. Baba yangu wakati wa mambo yale alikuwa Maswa, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kama alivyokuwa Bibi Anastazia alipozikwa, na hakuna aliyemsimulia. Nestori alikwenda wilayani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, akirudi na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, kila moja ikimtuma kutafuta nyingine. Alikuwa amevuka mpaka akiwa mtoto, bila hata cheti cha ubatizo. Wa kumthibitishia chochote alikuwa mama yake.

Kabula aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunaosha vyombo.

"Minza, hivi nani aliwaambia?"

"Sijui," nikasema.

Neno lile naliona baya kuliko yale ya makaburini. Yale niliyasema nikiwa na miaka kumi, nina wivu na ujinga. Hili nililisema nikiwa na miaka kumi na tatu, naelewa, na nikalirudia kila siku kwa kunyamaza.

Kabula alifaulu kunizidi, kama kawaida yake. Alipata nafasi ya uuguzi. Akaenda na sanduku jipya, akarudi nalo, kwa kuwa kila mlango ulitaka namba ya kitambulisho na yeye hana namba. Siku hizi anashona nguo Lalago. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa kidole changu. Akimtumia mtu hela, majina yanayotokea ni yangu, yote matatu, na wateja wake wengine wanamwita Minza. Yeye anacheka. Husema mimi ndiye ndugu aliyebaki, na kila anaposema hivyo natamani ardhi inimeze.

Basi nirudi kaburini. Kijana mchimbaji aliuliza kichwa kikae upande upi, na wazee wakasema aitwe mtoto wa marehemu aseme, maana Nestori hakuacha neno. Kabula akaja, nami nimemshika mkono kama wafiwa wanavyoshikwa, mtoto wangu mchanga mgongoni. Alitazama mstari wa makaburi.

"Mlazeni kama alivyolala mama yake," akasema. "Jiwe si hilo hapo?"

Vijana wakatazama jiwe, wakashika majembe. Ningeweza kunyamaza, nina uzoefu. Nestori angelazwa kichwa mashariki, mama yake kichwa magharibi, wamepishana milele, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi. Harufu ya udongo ule ikanipanda kooni.

"Ngojeni," nikasema. "Jiwe hilo lilihamishwa. Bibi yako kichwa chake kiko huku."

Kabula akanigeukia. "Lilihamishwa na nani?"

"Guku na baba yako."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia pale pale nilipokuwa nimesimama siku ile, mbele ya baba yangu na wazee na vijana waliosimama ndani ya shimo. Habari ya kitabu, ya kigoda, ya kidole. Sikusema nilikuwa mtoto, kwa kuwa hata yeye alikuwa mtoto. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu, nikausikia ukilegea, kisha ukatoka.

"Mimi nilikuwa nimekwenda kumtekea yule bwana maji," akasema.

"Ndiyo."

"Na nilipokuuliza?"

"Nilikuwa najua."

Hakulia. Mzee mmoja akaanza kukohoa kutaka kuokoa mambo. Kabula akamwinulia kiganja kwa adabu, akawaambia vijana kichwa cha baba yake kikae magharibi, kama cha mama yake. Wakalitengeneza shimo upande huo, tukamlaza, tukamfukia. Lilipokuja suala la jiwe la Nestori, dogo kuliko la mama yake, vijana wawili wakaliinua kulipeleka kichwani.

"Hapana," akasema Kabula. "Likae kule, kwenye mstari na mengine."

"Mama, jiwe la kichwani linawekwaje miguuni?" mzee yule akauliza.

"Mwanangu anaanza shule mwakani, baba. Watakuja kuuliza babu yake alitoka wapi."

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Vijana wakalishusha jiwe chini, wakasubiri. Kabula akanitazama, mara ya kwanza tangu aliponiachia mkono.

"Muacheni Minza aliweke," akasema. "Yeye ndiye anayeyajua makaburi haya."

Nikamkabidhi baba mtoto wangu, nikafunga kanga kiunoni, nikainama. Lilikuwa zito, na udongo mbichi ukanijaa mikononi. Nilipita nalo mbele ya watu wote, nikaliweka miguuni pa baba mdogo, nikaligeuza vizuri likae sawa na ya wengine.